Mistari Miwili Chini ya Lipu

Jumamosi, 6 Septemba

Kaka amekuja leo na soda mbili na agizo moja. Historia ya msikiti iwe tayari kabla ya Ijumaa ya tarehe 19, siku ya kuufungua upya baada ya ukarabati. Kurasa arobaini, jalada la kijani, picha yake ukurasa wa pili. Nimemuuliza picha ya msikiti itakaa wapi. Hakucheka. Tangu awe mwenyekiti wa kamati ameacha kucheka, anaona kucheka kunampunguzia uzito.

Amenirudishia na zile kurasa za mwanzo nilizompa mwezi uliopita. Kila nilipoandika "inasemekana" amekata, ameandika "imethibitika". Kwa wino mwekundu! Mimi ndiye ninayelipwa kusoma hati za kale, yeye anauza vipuri vya magari, na wino mwekundu anao yeye.

Anataka nifuate kijitabu cha Baba, aliyekuwa imamu wetu, Mungu amrehemu. Kila mtoto wa mtaa huu amekikariri. Babu Mkubwa alikuja peke yake na mkoba wa vitabu, akakuta pori, akaomba dua, maji yakatoka, akajenga msikiti. Sisi ni kizazi chake. Kwa hiyo safu ya mbele ni yetu, funguo ni zetu, imamu na mwenyekiti hutoka kwetu. Watu wa Kisimani, wale wa nyumba za nyuma ya kisima cha msikiti, ni wa kuja. Wanafagia, wanajenga, wanabeba jeneza. Kwenye kamati hawaingii. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuisahau.

Kijitabu kinataja jiwe la mihrabu. Mistari mitatu ya juu inaonekana, na kila mwaka hupakwa rangi ya dhahabu: jina la Mungu, aya ya wanaoimarisha misikiti, kisha "nyumba hii imejengwa na". Hapo jiwe linaingia ndani ya lipu. Baba ameandika kwamba mistari ya chini imeliwa na chumvi, lakini wazee wanashuhudia kuwa ilimtaja Babu Mkubwa. Wazee gani? Niliuliza pembeni kwa penseli. Kaka amekata na penseli yangu.

Nimezinywa soda zote mbili. Yake na yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Kiyoyozi cha chumba cha hati kimekufa tena. Mkuu wa maktaba anasema karatasi zilizovumilia karne saba zitavumilia wiki moja. Yeye mwenyewe ana feni mbili ofisini kwake. Nimembeba msafiri wangu mpaka dirishani nikamsomee hapo.

Namwita msafiri wangu kwa kuwa jina lake limekatika pamoja na ukurasa wa kwanza. Alikuwa akienda Hija, akaandika kila alipolala. Nilishampitia miaka ya nyuma kutafuta bei za ngamia, kwa ajili ya mtafiti mmoja ambaye hata asante hakusema. Leo nimempitia kutafuta sisi.

Tupo! Yaani, mahali petu papo. Mlima upo, kisima kipo, hata ule mteremko wa mawe mekundu. Anasema alifika amekauka koo, akakuta kisima, na kando yake nyumba ya sala iliyojengwa na wale wale waliochimba kisima, nao ndio wanaoisimamia. Wakamnywesha yeye na mnyama wake kabla ya kumuuliza jina.

Mwaka ameutaja. Nimehesabu mara mbili, halafu nikahesabu na kwenye simu. Karne mbili kabla ya Babu Mkubwa. Kwa nasaba yetu wenyewe, ile iliyotundikwa sebuleni kwenye fremu! Basi lile pori alilolikuta Babu Mkubwa lilikuwa na msikiti ndani yake, na watu wakisali.

Nina hasira ya kikazi. Mtu huwezi kuandika "imethibitika" juu ya jambo ambalo hukulitafuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimecheka mpaka wenzangu wakachungulia. Hapa ofisini wananiita Bibi Vumbi, na Bibi Vumbi hacheki.

Msafiri mmoja hatoshi, anaweza kukosea njia. Kwa hiyo nilikwenda kwenye hukumu za makadhi wa zamani, zile zenye wino wa kahawia unaokula karatasi. Nimepata kesi ya maji. Wafugaji wa upande wa pili wanadai zamu ya kunywesha. Kadhi anaamua: watu wa kisima ndio wa kwanza, kwani wao walichimba, na nyumba ya sala ni amana yao, na waliokuja baadaye watapewa kwa wema. Halafu anaita mashahidi. Shahidi wa tatu ni mgeni mwenye mkoba wa vitabu, aliyefika hapo anaumwa homa, watu wa kisima wakampa chumba cha kulala na watoto wa kufundisha.

Jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Vile vile ilivyo kwenye fremu ya sebuleni. Babu Mkubwa! Alikuja akiwa mgonjwa, wakamfunika blanketi.

Kicheko kimeniisha kwenye ngazi za dukani kwa Kaka. Nimemsomea kati ya betri na mabomba ya moshi. Amesikiliza huku anapangua boksi la plagi. Akasema karatasi ni karatasi, mdogo wangu, hata yeye anaweza kumpata karani leo akamwandikia risiti ya juzi. Akasema makadhi wa zamani walikuwa na chuki na familia yetu. Familia ya mtu mmoja mwenye homa! Nikamwambia basi tulifunue jiwe, jiwe halina karani. Akasema jiwe limeliwa na chumvi, Baba alishalimaliza hilo.

Mteja akaingia kutaka waipa. Kaka akatabasamu kwa mteja. Kumbe meno bado anayo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekwenda msikitini. Umefungwa kwa ukarabati, kwa hiyo mwanamke anaweza kusimama popote, hata mbele ya mihrabu, hakuna wa kumwambia pazia la wanawake liko juu. Mazulia yamekunjwa. Kabati la misahafu limetolewa kwenye mihrabu, mara ya kwanza mimi kuona hivyo. Ukuta ulio nyuma yake ni lipu tupu.

Fundi ni Timazi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa hana ukuta uliowahi kuinama. Yeye ni mtu wa Kisimani. Niandike tu yote, hapa hasomi mtu: Timazi ndiye aliyeleta posa kwetu nikiwa na miaka ishirini na mbili. Babu yake ndiye aliyeongoza wazee. Baba akawauliza asili yao. Yule mzee akajibu kwamba asili yao iko kwenye mihrabu ya Shehe mwenyewe, imeandikwa, kasome. Yeye mwenyewe hakujua kusoma maandishi yale ya kale, aliambiwa na babu zake. Baba akaomba wiki moja. Wiki ilipokwisha aliwachukua wote mpaka msikitini, akasogeza kabati, akawaonyesha lipu. Akasema chini ya lipu hakuna kitu, chumvi imekula, aliziba ukuta usimomonyoke. Nani angembishia? Mtaa mzima, nje ya nyumba yetu, hakuna mwingine aliyejua kusoma herufi zile. Posa ikakataliwa. Yule babu mpaka anakufa watoto walimwita Mzee Imeandikwa, wakimfuata nyuma.

Mimi niliolewa na mtu mwenye asili. Asili yake ilidumu miaka sita, kisha akanirudisha kwa Mama na masanduku yangu.

Timazi ana wajukuu sasa. Amenisalimu vizuri, kaniita mwalimu, kanipa ndoo nikalie. Akanieleza kazi. Marumaru aliyoichagua Kaka ni ile nzito, mabamba makubwa, msaada wa mfadhili. Bamba la namna hiyo halikai juu ya lipu ya zamani, litaanguka na kumuua imamu akiwa sijdani. Lazima lipu ibanduliwe yote mpaka kwenye jiwe. Nikamuuliza kama Mwenyekiti anajua. Akasema hakuuliza, mpishi haulizi ruhusa ya kuosha sufuria.

Ataibandua Jumanne. Alisema hivyo akitazama ukuta, si mimi. Nilitaka kumuuliza kama anakumbuka. Mtu gani hakasiriki? Miaka yote ile hajawahi hata kunikunjia uso. Hilo nalo linaniudhi.

Jumanne, 16 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Lipu imetoka kwa mapande makubwa, rahisi, tindo halikufanya kazi hata ya robo saa. Timazi alishangaa. Akaniita niangalie. Chini ya lipu palikuwa na kitambaa. Kitambaa cheupe kilichopakwa nta, kimetandazwa juu ya jiwe, na lipu imeshikwa kwenye kingo tu. Akasema hajaona fundi wa kufanya hivi. Fundi hafanyi hivi. Anayefanya hivi ni mtu anayeogopa lipu isizidhuru herufi.

Tukakivua kitambaa. Mistari miwili. Mizima! Chumvi haijagusa hata pembe. Mikali kuliko ile ya juu, maana hii haijapakwa rangi mwaka baada ya mwaka.

Baba alizitunza. Msomi wetu! Hakuweza kuivunja hata herufi moja, roho ilimuuma. Aliogopa kuziharibu herufi, hakuogopa kuniharibu mimi.

Nimemsomea Timazi mstari wa nne kwa sauti. Nyumba hii imejengwa na waliochimba kisima hiki, halafu majina matatu, ndugu watatu mafundi wa mawe, pamoja na wake zao waliobeba udongo. Nilipotaja jina la kwanza akaweka tindo chini. La pili, akakaa. Yale majina matatu ndiyo majina ya ukoo wao. Wajukuu wake wawili wanaitwa hivyo, na la tatu alikuwa nalo yule babu, Mzee Imeandikwa.

Kisha akaniuliza mstari wa mwisho unasemaje.

Mstari wa tano unasema kwamba msikiti huu ni amana ya kizazi chao, na ni wa kila mgeni kusali. Na atakayeibadilisha habari hii au akaificha, laana ya Mungu iwe juu yake, na asipate maji siku ya kiu kuu.

Huo sikumsomea; nimemwambia ni dua tu ya kufungia.

Nimepiga picha kumi na tano. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumatano, 17 Septemba

Mama alikuwa anapanga vidonge vyake kwenye vikopo, vya asubuhi huku, vya jioni huku. Macho yake yamefifia lakini vidole vinajua. Nimemwambia lipu ya mihrabu imetoka. Nikasubiri ashtuke.

Akasema: "Basi beseni langu limekwenda bure."

Beseni gani, Mama?

Beseni lake la kukandia unga! Jipya, alinunuliwa na mama yake. Baba alichanganyia lipu humo, akarudi nalo limeganda, halikufaa tena hata kunyweshea kuku. Miaka yote hii Mama ana kinyongo cha beseni. Nikamuuliza kwa hiyo alijua. Akasema alijuaje asijue, yeye ndiye aliyemshikia taa. Nyuma ya kabati kulikuwa na giza hata mchana. Baba alimwambia ni unyevu. Mama hakusoma kitu mule ukutani, lakini mumewe alimsoma: mtu wa unyevu hatetemeki namna ile mpaka nta ikamwagika mkononi.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikamuuliza kwa nini, Mama, kwa nini. Akaniambia nipunguze sauti, majirani. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, nisije nikayalainisha baadaye:

"Wewe ungeolewa na wenye msikiti, mwanangu. Na sisi tungekuwa nani? Wapangaji?"

Basi hivyo. Si kwamba Baba aliamini kuwa wao ni duni. Angeamini, ningesema ni ujinga, ujinga una dawa. Yeye alisoma. Alisoma mstari wa nne akajua, akasoma wa tano akajua zaidi, akaja kukandia lipu kwenye beseni la Mama, akanawa, akaenda kuwaambia wazee wa watu hawana asili. Na Ijumaa iliyofuata akapanda mimbari! Alihutubu juu ya ukweli? Sikumbuki. Natumaini hapana.

Wanasema la kuvunda halina ubani. Sisi tulikuwa na ubani mwingi. Kijitabu, fremu, rangi ya dhahabu kila mwaka.

Namchukia. Nimeandika. Kesho huenda nikafuta. Nilikuwa nikikaa miguuni pake nikiwa mdogo, mimi na Kaka, tunasoma herufi moja moja kwenye mchanga wa sinia, na nikipatia ananipa nafasi ya kuandika inayofuata. Kila ninachokijua ni chake. Hata kumkamata nimemkamata kwa elimu yake. Hilo ndilo linalonichoma.

Mama ameniambia nile. Sijala.

Alhamisi, 18 Septemba

Kaka amekuwa na wenzake wawili wa kamati msikitini saa moja nzima, wamekaa wanatazama jiwe kama watu wanaotazama gari lililogongwa. Kisha amewaondoa. Akaniita nje, kwenye ngazi za kutawadhia.

Nilidhani atapiga kelele. Alinong'ona. Akauliza nani mwingine ameona. Nikamwambia Timazi na simu yangu. Akasema Timazi hajui kusoma, na picha siku hizi zinatengenezwa, mtoto wa shule anaweza kuandika ukutani chochote kwa kidole kimoja. Nikasema ndiyo maana jiwe libaki wazi, waje waone kwa macho, waguse kwa mikono. Akasema marumaru inawekwa kesho asubuhi, kabla ya watu.

Nikamtajia beseni. Alikuwa hajui. Naapa alikuwa hajui, uso wake ulishuka wote. Kwa dakika moja alikuwa kaka yangu. Halafu akajikusanya.

"Baba yuko kaburini," akasema. "Unataka tumfukue?"

Nikasema nataka wafukuliwe waliozikwa naye. Mzee Imeandikwa alizikwa akiitwa mwongo. Mimi nilizikwa sebuleni kwa Mama, natafsiri bei za ngamia. Akaniangalia kana kwamba hajawahi kujua kuwa mimi nilikuwa mtu katika habari hiyo. Labda hakujua! Alikuwa na duka la kufungua mwaka ule.

Akamwita Timazi, akampa amri mbele yangu. Marumaru, kesho, asubuhi na mapema. Na Timazi akasema sawa, Mwenyekiti, nimetoa neno langu kazi itaisha. Sawa! Nilitaka kumtupia ndoo. Akaongeza tu kwamba asubuhi na mapema haitawezekana, zege ya kushikia lile bamba la katikati inataka jua, labda saa tano. Kaka akaguna, akakubali. Alikuwa amechoka.

Kaka alipoondoka nilimfokea Timazi. Nilimwambia babu yake angemlaani. Neno lilinitoka, nikauma ulimi. Yeye alikuwa anaosha mwiko. Akaniambia mimi nimekasirika siku mbili, yeye amezaliwa ndani ya hasira hiyo, nimwache afanye kazi kwa mkono anaoujua.

Sikuelewa. Nimeghadhibika naye njia nzima.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika humu humu msikitini, nyuma ya nguzo, juu ya ndoo. Shajara nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nisipoandika nitamrukia mtu.

Ni saa tano na nusu. Mabamba yote ya pembeni yameshakaa. Limebaki lile la katikati, la jiwe. Limeegemezwa ukutani, jeupe, limechongwa kwa maandishi mapya: jina la Babu Mkubwa na neno "mwanzilishi". Kwa dhahabu, bila shaka.

Watu wameanza kuingia. Wale wanaowahi Ijumaa, na leo wamewahi zaidi, wanataka kuona ukarabati. Wazee wa safu ya mbele. Watu wa Kisimani nao, wengi kuliko kawaida. Wamesimama nyuma, hawajakaa. Sasa ndiyo naelewa ile saa tano ya Timazi. Anisamehe.

Kaka ameingia na kanzu mpya. Amekuta jiwe liko wazi na nusu ya mtaa imo ndani. Amesimama mlangoni kidogo, viatu mkononi. Kisha akaja mbele moja kwa moja, akasema kwa sauti ya chini, weka.

Timazi ana zege kwenye karai. Mwiko mkononi. Hakuweka. Akasema, kwa adabu kabisa, sauti ile ile ya kuomba maji:

"Nitaweka, Mwenyekiti, neno langu liko pale pale. Ila mimi sijui kusoma, na nikishafunika hapafunuki tena mimi na wewe tukiwa hai. Nisomee kwanza. Kwa sauti. Ukimaliza kusoma, naweka."

Feni za juu zimezimwa, mafundi wa umeme hawajamaliza.

Kaka amesema imeliwa na chumvi. Amesema kweli! Mbele ya jiwe lenyewe, zima na safi, na jua la dirishani limelipiga ubavuni. Mzee mmoja wa safu ya mbele, mwenzake Baba, amekohoa. Mtu nyuma akasema mbona tunaiona. Hakufoka, alisema tu.

Kaka amegeuka. Amenitafuta kwa macho akanikuta nyuma ya nguzo. Nimemkazia macho. Nilitaka anione nilivyokasirika, na ameona.

Sasa anasoma.

Anasoma mstari wa kwanza, wote wanaujua, wanaitikia. Wa pili. Anasoma vizuri. Nilisahau kuwa anasoma vizuri, Baba alimsifu yeye kabla yangu. Wa tatu: nyumba hii imejengwa na. Ametua. Amevuta pumzi. Anasoma wa nne. Waliochimba kisima hiki. Jina. Jina. Jina la Mzee Imeandikwa! Amelisema, lote, na wake zao waliobeba udongo.

Nyuma kuna mwanamume analia bila kujificha. Timazi hajageuka kumtazama. Ameweka mwiko juu ya karai. Zege inaganda na hajaitia maji.

Na mimi? Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi. Mwili wote unawaka.

Kaka amefika mstari wa tano. Midomo inasogea, hatoi sauti. Anausoma kimoyomoyo, naona mabega yake yanavyoelewa. Anajua sasa nani aliwekewa laana hii, na ni nani tunayemwombea rehema kila Ijumaa.

Nimejikuta nasema kwa ndani, inatosha, Kaka. Ishia hapo. Mimi! Niliyekuwa nataka jiwe hili libaki wazi mpaka Kiyama.

Timazi amesema: "Bado mmoja, Mwenyekiti."

Kaka amefunga macho. Kisha amenigeukia, na watu wote wamefuata macho yake, safu ya mbele na wa nyuma. Anasema huu siuwezi. Usome wewe, mdogo wangu.

Timazi naye amenigeukia. Uso wake hauna hila yoyote. "Si ni ile dua tu, mwalimu?" ameuliza.

Wananisubiri. Naandika ili nisisimame.